Siku Moja London na Familia: Nyangumi, Basi Namba 9 na Mihogo ya Ealing Road

Shule zikifungwa, au mgeni akiingia kutoka nyumbani Afrika Mashariki, swali huwa lile lile: watoto tuwapeleke wapi London bila kufilisika? Mimi nasema hivi: vitu vizuri vya kutazama mjini humo havina kiingilio, kwa hiyo pesa zibaki kwa ajili ya chakula. Na chakula chenyewe msikitafute Leicester Square. Kipo Ealing Road, Wembley.

Kwanza nauli, maana hapo ndipo wengi huumia. Mnaotoka Leicester, Birmingham au Northampton, kateni Family & Friends Railcard, kadi ya punguzo la nauli za treni. Mkisafiri na mtoto, mtu mzima hupunguziwa theluthi moja, na mtoto wa miaka 5 hadi 15 hupunguziwa asilimia 60. Ndani ya jiji, walio chini ya miaka 11 hupanda mabasi bure, na treni za chini ya ardhi pia bure wakiongozana na mtu mzima, hadi watoto wanne kwa mkubwa mmoja. Wa miaka 11 hadi 15 wanahitaji Zip, kadi ya nauli ya watoto, ambayo huombwa mapema. Kwa mtoto aliyekuja kutembea tu, nunua Oyster, kadi ya nauli ya kutiwa pesa, na umwombe mhudumu wa stesheni aiwekee punguzo la vijana wageni.

Wakubwa kila mmoja agonge kadi yake ya benki, kwani kadi moja haipitishi watu wawili. Halafu ukiingia kwa kugonga simu, toka kwa simu hiyo hiyo, hata kama kadi iliyomo kwenye simu ni ile ile iliyo mfukoni. Ukichanganya, mashine inakuhesabu abiria wawili waliopotea njia, na wote wawili wanatozwa nauli ya juu. Mabasi nayo yaliacha kupokea fedha taslimu tangu 2014, kwa hiyo msihangaike na chenji.

Asubuhi nendeni South Kensington kwa treni ya Piccadilly; kutoka King's Cross ni moja kwa moja. Natural History Museum, makumbusho ya viumbe, hufunguliwa saa nne. Tiketi ni bure lakini ichukueni mtandaoni kabla, na mkikuta foleni ndefu lango la Cromwell Road, jaribuni la Exhibition Road. Ukumbini ananing'inia nyangumi wa buluu, mifupa mitupu, urefu wa mita 25.2. Alikwama ufukweni Wexford, Ireland, mwaka 1891. Watoto wakae chini yake watazame juu. Wakubwa watazame kuta, zimejaa wanyama wa kufinyangwa, waliotoweka upande wa mashariki na walio hai upande wa magharibi.

Kwenye dinosaria, wasimulieni wanenu habari za Tendaguru, mkoani Lindi. Mwaka 1924 makumbusho haya yalituma msafara kwenda kuchimba mifupa huko, na kijana Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya aliyekuja kuwa mtafiti mashuhuri wa binadamu wa kale, alikuwemo. Wajerumani walikuwa wamewatangulia, ndiyo maana yule dinosaria mrefu kupita wote amesimama Berlin.

Makumbusho moja yatosha. Science Museum iko jirani na inatamanisha, lakini watoto wakishachoka saa saba mchana, siku imekwisha. Pandeni na Exhibition Road hadi bustani ya Hyde Park, fungueni vyombo mle vitumbua na mayai ya kuchemsha mliyobeba. Msishibe sana.

Basi la watalii la kazi gani? Mbele ya Royal Albert Hall pandeni namba 9 la kwenda Aldwych, ghorofa ya juu, viti vya mbele kabisa. Mtapita Knightsbridge, Hyde Park Corner na Green Park mpaka Trafalgar Square kwa nauli ya kawaida. Shukeni hapo. Anayetaka choo aingie National Gallery, jumba la picha za kuchora, nalo halina kiingilio. Kisha teremkeni na barabara ya Whitehall, mpige picha na askari wa farasi wa Horse Guards. Kibao cha pale kinaonya kwamba farasi huuma na kupiga teke, na si utani, mshikeni mtoto mkono. Mwisho wa barabara ndiyo Big Ben.

Njaa sasa imeiva. Kutoka Westminster pandeni treni ya Jubilee kituo kimoja hadi Green Park, mbadilishe, mpande Piccadilly iliyoandikwa Rayners Lane au Uxbridge. Ya Heathrow siyo. Njia zinaachana Acton Town. Shukeni Alperton, mtokee Ealing Road yenyewe.

Hapa Wahindi waliotoka Kenya, Tanganyika na Uganda, wengine wakiwa wamefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, walihamia na jiko lao. Kwenye menyu mtaona "mogo": ni mihogo ya kukaanga, mingine imekolezwa pilipili na ndimu. Maru's Bhajia House ipo tangu miaka ya 1970, na bhajia zake ni zile za Nairobi, viazi vyembamba ndani ya unga wa dengu, na chatne ya nyanya. Agizeni sahani moja kwanza, maana zikipoa hazina raha. Migahawa mingi mtaani hapo haipiki nyama kabisa, jambo linalowaondolea wasiwasi wanaouliza halali. Msikiti upo barabara hiyo hiyo kwa wanaowahi Magharibi.

Miwa ya kukamuliwa, madafu na tambuu mtavipata mkitembea. Kati ya Aprili na Juni tafuteni maembe ya Alphonso kwa boksi, na mpatane bei, hasa mkichukua mawili. Bibi akiwa amechoka, msimrudishe Alperton penye ngazi. Mwitieni teksi hadi mlipofikia, au kama bado ana nguvu, endeleeni mbele hadi stesheni ya Wembley Central, kuna treni za Euston.