Namna ya Kufuatilia Familia ya Walowezi Wafugaji Magharibi mwa Victoria

Anayetaka kuandika historia ya familia ya walowezi wafugaji wa magharibi mwa Victoria, nchini Australia, kwa kawaida huanza na jina la ukoo, na hapo ndipo anapopotea, kwa kuwa wengi wao walikuwa Waskoti na majina yaleyale hujirudia ranchi baada ya ranchi. Ni afadhali kuanza na ardhi: tafuta kwanza jina la ranchi na mto uliokuwa mpaka wake, ndipo uulize nani aliishi hapo.

Sheria za ardhi nazo zieleweke mapema, maana ndizo zilizozaa karatasi utakazozisoma. Mlowezi Edward Henty alishuka Portland, kwenye pwani ya magharibi mwa Victoria, tarehe 19 Novemba 1834 bila idhini ya serikali, na waliomfuata na makundi ya kondoo walijikatia malisho vivyo hivyo, hadi serikali ya koloni la New South Wales iliyokuwa Sydney, ambayo wakati huo ilitawala pia Victoria, ilipoanza mwaka 1836 kutoza leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Wafugaji hao waliitwa skwota. Msomaji wa Kenya asidanganywe na neno hilo: kwetu skwota ni mnyonge asiye na hati, ilhali kule aligeuka kuwa bwana mwenye jumba la mawe na maelfu ya kondoo.

Victoria ilijitenga na New South Wales tarehe 1 Julai 1851, kwa hiyo kwa miaka ya kabla ya hapo usiishie kwenye hifadhi ya nyaraka ya Melbourne. Pekua pia Gazeti la Serikali la New South Wales la mwaka 1848, ambamo maombi ya kukodi malisho yalichapishwa pamoja na jina la mwombaji na maelezo ya mipaka.

Kwa miaka ya 1860 chukua ramani za wapima ardhi, ambazo ndani ya kila kiwanja zina jina la mnunuzi wa kwanza. Hapa uwe mwangalifu mno. Sheria ya 1862 ilikusudiwa kumpa mkulima mdogo shamba, lakini skwota wengi waliwatuma vibarua na jamaa zao wanunue kwa niaba yao. Hivyo jina lililoandikwa kwenye kiwanja chenye maji huenda ni la mtu ambaye hakulima hapo hata siku moja. Ukiona viwanja vya kando ya mto vimehamia kwa mwenye ranchi muda mfupi baada ya mauzo, shuku mchezo huo.

Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Victoria mwaka 1853. Ikiwa fedha zako zinatosha cheti kimoja tu, nunua cha kifo, kwani aghalabu hutaja wazazi wa marehemu, mahali alipozaliwa, miaka aliyokaa katika makoloni, mwenzi wake na watoto wao. Kumbuka tu kwamba aliyejibu maswali hayo si marehemu, bali pengine mkwe aliyekuwa akikisia.

Magazeti ya zamani yanasomwa bure katika Trove, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi, basi jaribu tahajia kadhaa, na utafute kwa jina la ranchi pia.

Tanzia za magazeti hayo hupenda kusema kwamba marehemu alikuta nchi tupu. Usiyanakili maneno hayo. Wagunditjmara, wenyeji asilia wa eneo hilo, walikuwa wakivua mikunga huko Budj Bim kwa mifereji na mitego ya mawe, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2019, na katika miaka ya 1840 walipigana na walowezi kando ya mto Eumeralla. Linganisha tarehe ambayo familia yako ilifika na shajara za George Augustus Robinson, Mlinzi Mkuu wa Wenyeji, aliyezuru wilaya hiyo mwaka 1841. Aliandika habari za wenyeji aliokutana nao na za ranchi alizopitia.