Namna ya Kupima Ukweli wa Besi na Sauti za Spika za Nyumbani

Anayekwenda kununua spika mara nyingi hubebwa na kishindo. Muuzaji huweka wimbo wenye besi nzito, hufungua sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka, na mnunuzi hutoka dukani akiamini kwamba amepata kitu cha maana. Nami nilibebwa hivyo katika duka moja la Kariakoo. Nilipozifunga spika hizo nyumbani, katika sebule ya mita 4 kwa 4 yenye kuta za matofali ya saruji na sakafu ya vigae, niligundua kwamba kila gitaa la besi liliposhuka kwenye noti ya F chumba kizima kiliunguruma, ilhali noti za jirani zake zilipita kana kwamba hazikupigwa. Nilichelewa kulielewa tatizo hilo kwa sababu sehemu yake ilikuwa ya spika na sehemu ilikuwa ya chumba, na mtu asiyejua kuvitenganisha viwili hivyo hawezi kutoa hukumu ya haki.

Anza na sauti ya mtu, usianze na besi. Hakuna sauti ambayo sikio limeizoea kuliko ya binadamu, na ndiyo maana wahandisi wa idara ya utafiti ya BBC, walipokuwa wakibuni spika za kukagulia matangazo yao, walilinganisha msemaji aliye hai na sauti yake ikitoka kwenye spika. Njia hiyo unaweza kuifuata nyumbani. Mwombe mtu unayeishi naye, hasa mwanamume mwenye sauti nzito, asome aya chache za gazeti akiwa uani mbali na kuta, umrekodi kwa simu kutoka umbali wa hatua moja, kisha umsimamishe kando ya spika na kuicheza rekodi hiyo kwa ukubwa uleule wa mazungumzo. Maikrofoni ya simu ina dosari zake, lakini dosari hizo hubaki zilezile kwa kila spika utakayoijaribu, kwa hiyo tofauti utakazozisikia ni za spika zenyewe. Tumia spika moja tu, kwa kuwa spika mbili zikicheza pamoja huficha makosa mengi ambayo moja hushindwa kuyaficha, na hakikisha kwamba vitufe vyote vya kuongeza besi na ekwalaiza vimezimwa.

Sauti ya mwanamume mzima akizungumza huanzia kati ya Hz 85 na Hz 155 hivi (Hz, yaani hezi, ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na boksi la spika linalovimba, yaani linalokuza sauti kupita kiasi, katika eneo hilo au juu yake kidogo humfanya asikike kama anayesemea ndani ya mtungi. Mpe maneno yenye m na ng', kama vile "mama" na "ng'ombe", usikilize iwapo yamebanwa puani kuliko anavyoyatamka akiwa mbele yako. Kisha aseme "saa sita usiku": herufi s itoke kama pumzi inayopita kwenye meno, isichome wala isifunikwe kama mtu aliyeziba mdomo kwa leso. Spika inayofaulu hapa, hata kama besi yake ni haba, ina msingi. Inayoshindwa hapa haitaokolewa na sabufa ya ukubwa wowote.

Ukilinganisha spika mbili, zisawazishe kwanza. Sikio huipenda ile inayopiga kwa nguvu zaidi hata pale tofauti inapokuwa ndogo kiasi cha desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti), na hupenda bila kujua kwamba limehongwa. Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha kwa kazi hii, ukitumia mvumo usiobadilika, kwa mfano ule wa redio ya zamani ya FM iliyoachwa mahali pasipo na kituo. Mvumo huohuo una faida ya pili: kwenye spika nyoofu husikika kama mvua inayonyesha sawasawa juu ya bati, na kwenye spika yenye kasoro husikika kama mvua hiyo inapitia bomba. Pia zifunike spika kwa kanga nyepesi, na mtu mwingine awe ndiye anayezibadilisha. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba wasikilizaji walewale hubadilisha alama zao mara wanapoziona spika wanazozisikiliza, na sioni kwa nini sisi tujidhanie kuwa na masikio yasiyodanganywa na macho.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye besi. Wimbo wa dukani haufai, maana besi yake imetengenezwa kwa mashine na hakuna ajuaye ilipaswa kusikikaje. Tafuta rekodi ya chombo halisi, na kwa msomaji wa pwani hakuna iliyo bora kuliko taarabu ya zamani ya Unguja yenye besi kubwa la kusimama, linalodonolewa kwa vidole chini ya fidla na ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Uzi wake mzito zaidi, sawa na ule wa gitaa la besi, hutoa Hz 41. Katika kila noti yapo mambo matatu ya kusikiliza: kidole kikiachia uzi, mwili wa mbao ukiitika, na noti ikikoma. Besi ya asili ina mambo yote matatu. Besi ya uongo ina la kati peke yake, huchelewa kuja na hukokota mguu wakati wa kuondoka, kiasi kwamba ukiambiwa uimbe kwa mdomo kile ambacho mpigaji amekipiga utaishia kusema "bum, bum" kwa sauti ile ile moja. Kipimo changu ni hicho hasa: iwapo naweza kuifuata ngazi ya noti zikipanda na kushuka, kila moja kwa jina lake na kwa uzito unaokaribiana na wa mwenzake, basi ile ni besi.

Hapa ndipo chumba kinapojiingiza. Mawimbi ya sauti huenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde, na ukiigawa namba hiyo kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili unapata masafa, yaani idadi ya mitetemo, ambayo chumba hicho huyakuza. Kwa mita zangu 4 jibu ni kama Hz 43, na noti ya F ya chini kwenye gitaa la besi iko karibu kabisa na hapo. Chumba kikiwa mraba, kama changu, pande mbili hukubaliana na uvimbe huongezeka. Kuta za saruji huirudisha ndani nguvu ya besi ambayo kuta za mbao nyepesi zingeiacha ipite. Jaribio rahisi ni kuitoa spika uani, mbali na ukuta, na kuirudia rekodi ya msomaji na ya besi. Kiasi cha besi kitapungua, na hilo lisikutishe. Sikiliza tabia yake tu: ungurumo ukitoweka, mkosaji alikuwa chumba, mtungi ukibaki palepale, spika irudi dukani. Kwangu ungurumo ulitoweka na mtungi ulibaki.

Kabla ya kuirudisha hata hivyo sogeza vitu. Spika iliyobanwa kwenye kona hupata besi ya ziada kutoka kwa kila ukuta ulio karibu, na kochi lililoegemezwa ukutani humkalisha msikilizaji mahali ambapo uvimbe ni mkubwa zaidi. Nililivuta kochi mita moja kutoka ukutani, na F ikatulia kuliko nilivyotarajia.

Kuhusu maandishi ya kwenye boksi, yapuuze. Wati 10,000 za PMPO, hesabu ya nguvu ya kilele ambayo watengenezaji huitumia kujisifu, haziwezi kutoka kwenye plagi ya ampea 13 ambayo kwa umeme wa volti 230 haifiki hata wati 3,000. Nayo ahadi ya kushuka hadi Hz 20 isiyosema inashuka kwa upungufu wa desibeli ngapi haina maana yoyote.

Ukiongeza sabufa, ikate kwenye Hz 80 hivi, yaani irekebishe ipige sauti za chini ya hapo tu, kwa sababu juu zaidi ya hapo sikio huanza kutambua sauti inatoka upande gani. Anza ikiwa kimya, ipandishe polepole huku besi la taarabu likipigwa, na mara utakapoweza kunyoosha kidole kwenye kona ilipo, irudishe nyuma kidogo uiache hapo.