Umeme wa zamu ya baiskeli, uani kwetu Mbagala

Chukua baiskeli yenye dinamo (kijenereta kidogo) ya kusugua tairi, ile ya volti 6, wati 3. Inua gurudumu la nyuma kwenye stendi imara. Kama inayumba, usianze, mtoto ataanguka. Ziba mnyororo na spoku kwa wavu, vidole visiingie.

Dinamo hutoa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, na simu haiutaki. Unga daiodi nne kwa mtindo wa daraja, zifanye umeme uende upande mmoja (Kariakoo zimejaa), kisha kapasita ya maikrofaradi 1000, ya kuulainisha. Hapa nisikilize vizuri: nunua ya volti 50. Mimi niliweka ya volti 16, watoto wakakanyaga kwa fujo bila kitu cha kuchaji, volti zikapanda, kapasita ikapasuka paa! Ikabaki harufu kali na kijana wangu akilia akidhani kaharibu yeye. Iliniuma sana. Siku hizi nachomeka pawabenki kwanza, kupitia chaja ya gari inayoshusha volti ziwe 5 za USB, ndipo namwambia apande.

Zamu moja ni wimbo mmoja, wenzake wanapiga makofi. Simu huchukua zaidi ya saa 5 kujaa, kwa hiyo watoto wakusanye umeme wa taa ya LED ya wati 1, ya kusomea usiku umeme ukikatika.