Kulea tarantula mchanga Malindi: kazi iko kwenye makumbi

Kijana wa mtaani alitaka nimwelekeze kulea tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, nikaona niandike kabisa.

1. Kibali. Usichimbue mashimo yake porini. Tarantula ninayemsema, Pterinochilus murinus, ni wa ukanda wetu huu, lakini kufuga mnyama wa porini Kenya kunataka ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Ipate kwanza. Na si wa kushikwa mkononi: ana mbio na akiuma panauma kwelikweli.

2. Nyumba. Kikopo cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye kifuniko cha kubana. Matundu yatoboe kwa sindano ya moto, yawe membamba kuliko kichwa chake. Tangi la kioo ni kutupa pesa. Kitoto cha sentimita moja kitapotea humo.

3. Makumbi. Hapa ndipo watu hukwama. Ng'ambo hununua tofali la unga wa makumbi dukani. Sisi tunayakanyaga bure, ila si kila kumbi linafaa. Ya wasokota kamba yamefukiwa pwani mpaka yakalainika, yamejaa chumvi. Chukua makavu ya shambani, pale wanapofulia nazi. Twanga kwenye kinu, toa nyuzi ndefu, ubaki na unga. Chicha usiichanganye hata kidogo: itaota kuvu na kuita sisimizi. Loweka, kamua, mwaga, rudia mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai. Maji ya kisima yaonje kwanza, maana visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na utakuwa unairudisha ile ile uliyoikwepa. Kisha chemsha kuua vidudu, anika juu ya bati mpaka ukauke kabisa, ndipo uurudishie maji kidogo kidogo. Finya donge: likishikana bila kutoa tone, tayari, likichuruzika, rudisha juani. Jaza zaidi ya nusu ya kikopo, kwani huyu ni mchimbaji. Mvua za Mei mimi hunyunyiza upande mmoja tu, tena kwa nadra.

4. Chakula. Paja la nyenje, mara moja au mbili kwa wiki. Mende wa jikoni hapana, huenda kala dawa. Mabaki yatoe kesho yake, na kikopo kikae juu ya jiwe katikati ya sahani ya maji, sisimizi wasivuke.

5. Kujivua gamba. Akigoma kula, tumbo likang'aa na kuwa jeusi, akaziba shimo kwa utando, muache. Ukimkuta chali hajafa, usimpindue. Mdudu yeyote hai mtoe, maana nyenje humtafuna angali laini. Meno ya tarantula yatatoka meupe. Usimlishe mpaka yageuke meusi, yapata wiki moja hivi.

6. Dawa ya mbu. Chumbani mwake usiwashe ya kuchoma wala usipulize ya kopo, hata akiwa kabatini. Tungika chandarua.