Namna ya Kuchagua Tahadhari Sahihi za Kumtenga Mgonjwa wa Kuambukiza

Mgonjwa anayekohoa kwa wiki ya tatu sasa anapofika mapokezi saa mbili asubuhi, majibu ya makohozi yake huenda yasitoke hadi alasiri au kesho yake, na muda wote huo atakuwa ameketi benchi moja na mjamzito, mtoto mchanga aliyeletwa kliniki na mzee mwenye kisukari. Ndiyo maana tahadhari huchaguliwa kwa dalili, wala haisubiri maabara. Kumwondolea mtu tahadhari ambayo hakuihitaji ni kazi ya dakika moja, ilhali kuwatafuta waliokaa naye chumba kimoja, wakiwa wameshatawanyika Mbagala, Gongo la Mboto na Bunju, ni kazi ya majuma.

Kabla ya kufikiria kumtenga yeyote, zipo tahadhari za kawaida ambazo hutumika kwa kila mgonjwa, awe na ugonjwa unaojulikana au la: kusafisha mikono kabla na baada ya kumgusa, kuvaa glavu pale damu au majimaji ya mwili yanapohusika, kukinga macho panapoweza kuruka matone, na kutupa sindano papo hapo kwenye kisanduku chake. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Mhudumu anayehama kitanda hadi kitanda na glavu zilezile anajilinda yeye na kuwaambukiza wagonjwa wake.

Baada ya hapo jiulize swali moja: kimelea hiki kinatoka kwa mgonjwa kwa njia gani, na kinamwingia mwingine kwa njia gani?

Ikiwa njia ni mguso, kama ilivyo kwa kuhara, vidonda vinavyotoa usaha, upele wa skabi na bakteria sugu kwa dawa, mhudumu avae glavu na gauni kabla ya kuingia, na mgonjwa awe na kipimajoto na kipimo chake cha shinikizo la damu kisichozunguka wodini. Wakazi wa Dar es Salaam wanaukumbuka mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015, na somo lake kubwa lilikuwa klorini. Mikono hunawishwa kwa klorini ya asilimia 0.05, sakafu na vitanda kwa asilimia 0.5, na matapishi na kinyesi kwa asilimia 2. Soma chupa kabla ya kuchanganya: dawa iliyoandikwa asilimia 3.5 huhitaji sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5, na mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku. Kwa mgonjwa anayehara, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa kuwa baadhi ya vimelea vya kuhara havifi kwa kitakasa mikono cha alkoholi.

Njia ya pili ni matone makubwa yanayoruka mtu akikohoa au kupiga chafya na kuanguka karibu naye. Hapa wamo mafua makali, kifaduro, donda koo na homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria aitwaye meningokoka. Barakoa ya kitabibu kwa mhudumu anayemsogelea, barakoa kwa mgonjwa anapotoka kitandani, na nafasi isiyopungua mita 1 kati ya vitanda vinatosha.

Njia ya hewa ndiyo inayokosewa zaidi. Vimelea vya kifua kikuu, surua na tetekuwanga huelea, na virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Chumba kinachofaa ni kile ambacho hewa yake hutolewa nje na kubadilishwa angalau mara 12 kwa saa. Vyumba vya namna hiyo ni vichache, lakini dirisha lipo karibu kila mahali, na kwa maoni yangu chumba cha zamani chenye madirisha mapana pande mbili ni salama kuliko chumba kipya kilichofungwa ili kiyoyozi kipoze, kwa sababu viyoyozi vingi vya ukutani huizungusha hewa ileile. Washa kijiti cha udi, simama pale mgonjwa atakapolala, utazame moshi unaelekea wapi. Ukitoka nje kwa dirisha, chumba kinafaa. Ukielekea koridoni au kwa mhudumu, kigeuze kitanda au tafuta chumba kingine. Rudia jaribio hilo upepo unapogeuka, kwa maana dirisha linalotoa hewa wakati wa kaskazi linaweza kuiingiza wakati wa kusi.

Mhudumu katika chumba hicho huvaa N95, barakoa inayochuja chembe ndogo za hewani, iliyoshika uso barabara, na ndevu huzuia isishike. Mgonjwa huvaa barakoa ya kawaida. Nimeona mara nyingi mambo haya yakigeuzwa, mgonjwa akipewa N95 iliyomlemea pumzi huku muuguzi akibaki na barakoa ya kitambaa.

Magonjwa mengine hupitia njia zaidi ya moja: tetekuwanga huhitaji tahadhari za hewa na za mguso kwa pamoja. Kila mwenye homa aulizwe pia ametoka wapi, kwa kuwa Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili, ilitangazwa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na abiria wa basi la Bukoba hushuka Mbezi. Ukimshuku, mtenge peke yake, punguza wanaomgusa, na umjulishe mganga mkuu wa manispaa mara moja.

Vyumba visipotosha, wagonjwa waliothibitishwa kuwa na ugonjwa mmoja wanaweza kulazwa pamoja. Usimchanganye kamwe anayeshukiwa na aliyethibitishwa, wala mwenye kifua kikuu cha kawaida na mwenye kile sugu.

Ndugu wanaokuja na chakula waelezwe kwa upole na mapema, kabla hawajazuiwa mlangoni, na kibao cha mlangoni kitaje mavazi yanayotakiwa, si jina la ugonjwa.

Mwisho, andika kwenye faili siku kutengwa kulikoanza na sharti la kukomesha kutengwa huko: surua, siku 4 tangu upele utokeze, meningokoka, saa 24 tangu dawa sahihi ianze, kifaduro, siku 5 za dawa, tetekuwanga, hadi malengelenge yote yakauke. Mgonjwa asiyeandikiwa sharti hilo hubaki peke yake siku nyingi bila sababu, akiangaliwa mara chache kuliko wenzake.