Namna ya kuwaelewa wageni wa Uskoti ukiwa unawatembeza Mji Mkongwe

Wenzangu mnaotembeza wageni, na nyie wa mapokezi na mikahawani, hii naandika kwa ajili yenu mana kila msimu nasikia mtu analalamika "yule mgeni Kizungu chake sikifahamu, anakivunja". Hakivunji. Kama katoka Uskoti basi ujue anachanganya Kiingereza na lugha ya kwao, Kiskoti, na hiyo ni lugha yenye umri wake, imetokana na Kiingereza cha zamani sana cha upande wa kaskazini kisha ikashika njia yake, ikachukua maneno kwa watu wa Skandinavia na kwa Wafaransa kama sisi tulivyochukua kwa Waarabu na Wareno. Sensa yao ya 2011 watu zaidi ya milioni 1.5 walisema wanakizungumza. Ni kama mtu wa mjini akimsikia mtu wa Makunduchi anasema Kikae, neno hili analishika lile linampita, lakini hapo huwezi kusema wa Makunduchi kakosea Kiswahili. (Kuna na Kigaeli cha milimani na visiwani kwao, hicho ni lugha nyengine kabisa, hapa sikigusi sana.)

Kwanza anza na sauti kabla hujakimbilia maneno, mana ukishashika sauti nusu ya kazi imekwisha. Ile "au" ya Kiingereza kwao mara nyingi inakuwa "uu": nyumba ni "hoose", yaani huus, chini ni "doon", nje ni "oot", sasa hivi ni "the noo". Nyumbani kwao ni "hame", jiwe ni "stane". Na ukisikia "nae" mwisho wa neno hiyo ni siyo, inakanusha: "cannae" siwezi, "dinnae" usi- au si-, "didnae" haku-. Hii ya kukanusha ndo ya kushika mwanzo kabisa, mana ukiikosa utafahamu kinyume cha alichosema.

Halafu sisi tuna bahati moja wallahi. Ile sauti ya mwisho kwenye "loch", ambalo ni ziwa, Waingereza wengi inawashinda wanasema "lok". Sisi ni kh yetu ya Khamis na kheri, wala hujisumbui. Mwambie mgeni "lokh" vizuri uone uso wake.

Sasa kwenye maneno, yanayoleta taabu sana si yale mageni, ni yale unayodhani unayajua. Mama mmoja mtu mzima wa Glasgow aliniambia asubuhi anataka kwenda "for the messages". Mimi nikajua anataka laini ya simu, nikampeleka dukani Darajani, tumesimama foleni juani karibu nusu saa, mpaka tulipofika dirishani ndo akaniuliza kwa upole tumekuja kufanya nini hapa. Kumbe "messages" kwao ni mahitaji ya nyumbani, vile vitu unavyokwendea sokoni na kikapu, alikuwa anataka maembe na mkate. Nilimuomba radhi sana, akanambia "dinnae fash yersel", maana yake usijisumbue roho yako, na hilo "fash" wamelitoa kwenye Kifaransa. Toka siku ile natembea na daftari.

Yafuatayo yote nimeyaandika mle. Mgeni akikuuliza "where do you stay?" anauliza kwenu wapi unakaa, hataki jina la hoteli. "How?" peke yake mara nyingi ni "kwa nini?", na "how no?" ni "kwa nini isiwe?", usianze kumueleza namna. "Greet" ni kulia, siyo kusalimia, kwahiyo akisema mtoto ana-greet kwenye boti ya Kizimkazi nenda kamtazame mtoto. Huyo mtoto mwenyewe ataitwa "wean" (wein) na wa Glasgow na pande za magharibi, wa mashariki na kaskazini watasema "bairn". "Ken" ni kujua, na wengine wanaitia mwisho wa kila sentensi kama sisi na "unajua". "Aye" ni ndiyo, lakini "aye, right" kwa ile sauti ya kuvuta ni hapana, hakuamini hata kidogo, ukiisikia baada ya kutaja bei shuka tu.

Wa mikahawani: "ginger" kwa mtu wa Glasgow, hasa wazee, ni soda yoyote. Kwetu na hivi viungo vyetu utamletea chai ya tangawizi mtu anataka kitu cha baridi. "Juice" nayo vilevile inaweza kuwa soda, muulize ipi. "Piece" ni mkate uliotiwa kitu kati, "tattie" ni kiazi.

Na saa, tafadhalini sana. "Back of eight" ni saa mbili imeshapita kidogo, sio kabla yake. "The morn" ni kesho, "the day" ni leo, "the night" ni usiku wa leo.

Jengine la kusikiliza ni hali ya mgeni mwenyewe, mana hawa si watu wa kulalamika wazi. Akisema mwenzake ni "peely-wally" kapauka, haumwi lazima lakini hayuko sawa, mtafutie kivuli na maji. "Wabbit" kachoka hana nguvu. "Drookit" karoa chapachapa. "Shoogly" ni kitu kinachotikisika hakijakaa sawa, meza, ngazi, boti, ukilisikia kagua. "Crabbit" ni mtu mwenye mnuno. Na "scunnered" ndo baya kuliko yote, yaani kakinai, roho imemchoka, akilisema kuhusu safari yako basi kata hadithi mrudishe akapumzike. "Wee" ni dogo lakini la mapenzi, "a wee cup of tea" ni kikombe kizima cha chai, kama sisi tunavyosema "njoo unywe kichai".

Ukitaka wachangamke waulize hali ya hewa ya kwao. "Dreich" (driikh) ni siku ya kijivu, mvua ya kuchosha, baridi, hakuna jua toka asubuhi. "Smirr" ni manyunyu membamba sana. "Haar" ni ukungu wa baridi unaotoka baharini pwani ya mashariki. Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 2015 walitoa hesabu ya maneno ya theluji kwenye Kiskoti wakapata 421. Mimi nikisikia hivo nawatolea ya kwetu, kaskazi, kusi, masika, vuli, mchoo, rasharasha, na hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wawili, si ya mgeni na mtembezaji.

Mkifika nyumba ya Livingstone kule Funguni pia lipo la kusema. Livingstone alizaliwa Blantyre, Uskoti, 1813, akakaa nyumba ile 1866 kabla ya safari yake ya mwisho. Na yule Dokta John Kirk, balozi wa Uingereza aliyesimamia mkataba wa 1873 na Sayyid Barghash wa kufunga soko la watumwa, naye ni Mskoti, na jina lake "kirk" kwa Kiskoti ni kanisa. Waambie hilo kisha mkienda Mkunazini mbele ya kanisa lililojengwa pale palipokuwa na soko, watalikumbuka wenyewe.

Usimuigize mgeni sauti yake. Kwao skulini watoto kwa miaka mingi walikuwa wakikatazwa kusema hivyo, wakubwa bado wana kidonda, ni sawa na Mpemba anayechekwa mjini. Muulize tu neno maana yake, andika mbele yake, mpe la kwetu. Methali zinafaa sana hapo. "Whit's fur ye'll no go by ye", kilicho chako hakikupiti, mpe ya riziki yako haiendi kwa mwengine. "We're a' Jock Tamson's bairns", sote watoto wa baba mmoja, mpe ya sote wana wa Adamu. Mzee mmoja nilipompa hii alikaa kimya, akaomba kalamu yangu akaiandika nyuma ya tiketi ya boti.

Na siku ya kumsindikiza bandarini au kiwanja cha ndege, usimwambie bai bai. Sema "haste ye back", heist yi bak, yaani fanya haraka urudi. Ndivyo wanavyoagana wenyewe, na atageuka na begi lake mlangoni.