SOMO: Biti ya kutengeneza kwa hesabu, sikio linamalizia

Wadau wa Mwanza mnaopiga biti kwenye simu, hii haihitaji programu ya kulipia, kalamu na meza vinatosha.

1. Tunataka mipigo 5 ndani ya hatua 8 (yaani nafasi 8 za muda zinazolingana), isambae sawasawa. 1 ni mpigo, 0 ni kimya, anza hivi: 1 1 1 1 1 0 0 0.

2. Kila 0 ibandike nyuma ya 1, unapata 10 10 10 1 1. Zile 1 mbili zilizobaki zibandike nyuma ya 10 mbili za mwanzo: 101 101 10. Imeisha, soma 10110110. Ni kanuni ya kugawanya ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ya miaka zaidi ya 2,000, na mwaka 2005 mtaalamu wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha kwamba inazaa midundo kibao ya asili duniani.

3. Gonga mezani huku mguu unakanyaga hatua ya 1, 3, 5, 7. Hapa usiruke maana utamu wote uko mguuni: kwenye 5 mguu unadondokea kimya, mkono umepiga 4 na 6 pembeni yake, ndo pale mwili unataka kucheza.

4. Mdundo unajirudia kama mduara. Sasa mduara ni uleule ila anzia hatua ya nne, ukifika ya 8 rudi ya 1: 10110101, mguu ukanyage upya. Hujaongeza kitu lakini inasikika wimbo mwingine kabisa, kwa sababu ubongo unatafuta "moja", yaani mwanzo wa mzunguko, iko wapi halafu unapanga vingine vyote kwa hapo. Hata saa ya ukutani milio yake inafanana ila we unasikia tik-tak.

MASWALI

Mdau, Igoma: Mkuu kwahiyo wapiga ngoma za Kisukuma wa Bujora walisoma Euclid? 😂
– Hahaha wapi, mikono ilitangulia, hesabu imekuja kuikuta. Na sio kila mdundo unatoka humo, klave, ule mdundo wa msingi wa muziki wa Cuba, kwa mfano inagoma.

Mdau, Ukerewe: Nimeiweka lupu, dakika moja tu inachosha
– Ubongo ushaikariri. Piga raundi tatu vilevile, ya nne hamisha mpigo mmoja, mmoja tu asee, ukihamisha yote msikilizaji anapoteza "moja".

Mdau, Kirumba: Spidi ngapi?
– Yoyote, ila mpigo na mpigo vikiachana kama sekunde 2 sikio linaacha kuunganisha, unasikia vishindo tu. Kama unataka kasi ya singeli anza na mipigo 3 kwenye 8, yaani 10010010, mitano itakubana mkono.